Samah Alipoleta Wageni Kwenye Eda Yangu

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
2 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Taimur,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Nasra, na huo mgongo uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Huko Birmingham nasikia ndiyo mnaota jua. Hapa ni kipupwe, tunalala na shuka mbili. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo usiuulize.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu una haraka, na haya niliyonayo hayataki haraka. Abdulatif, yule mtoto wa jirani zetu waliohamia Upanga, anasafiri kesho kuja huko. Nimemwambia akukabidhi mkononi.

Tangu Mbaruk wangu afariki, mwishoni mwa mwezi wa Mfunguo Mosi, nimo ndani nakaa eda. Duka lake la ufundi saa hapo chini nimelifunga. Sitoki, na wanaume wasio maharimu wangu hawanioni. Haya unayajua, umezaliwa humu humu, lakini nayaandika kwa sababu naona kama yamekutoka.

Hukuja kumzika shemeji yako, nikanyamaza. Safari ni ndefu. Baadaye ukaniambia mwanao Samah anakuja Dar na wenzake wa chuo kujifunza Kiswahili, na kwamba atafika nyumbani kutoa mkono wa pole kwa niaba yenu wote. Nilifurahi, Taimur. Nilimngoja yule mtoto kama unavyongojwa mwezi wa Idi.

Jumamosi iliyopita wanafunzi walitolewa kutembezwa mjini. Walianzia mtaa wa Gerezani kwenye mafundi na vipuri, kisha wakaingia Kariakoo kwa miguu. Adhuhuri Kijakazi, mpwa wake Mbaruk anayekaa nami siku hizi, akachungulia dirishani. "Bibi weee, Samah huyo! Tena kaja na watu kibao!"

Mimi mjinga nikajua ni ujumbe wako. Nikadhani umewakusanya ndugu walioko likizo, wanakuja pamoja kwa heshima, kama tunavyofanya sisi. Nikamwambia Kijakazi atandike mikeka, ashushe pazia ili wanaume wakae upande wa pili, ateleke kahawa, akate haluwa. Nikajifunika vizuri, nikashika tasbihi, nikasubiri kulia na wenzangu.

Wakaingia na viatu. Vijana wa Kizungu wakubwa wakubwa, jasho linawatiririka, mabegi mgongoni. Wawili walilipita pazia kama halipo, na mmoja akaniinulia simu akanipiga picha. Kijakazi akawa anapiga kelele, "Jamani viatu! Na wanaume huko hapana, kuna mtu wa eda!" Ignasi, yule kijana wa chuo anayewatembeza, ndiyo kwanza anawaeleza kwa Kiingereza habari za madirisha ya nyumba za zamani. Nilijiona kama mnyama wa mbugani, nimekaa na tasbihi yangu natazamwa.

Nilitaka kumtukana mwanao. Maneno yalishafika mdomoni. Ndipo akanijia mbio, anacheka, akanibusu mkono. "Shikamoo shangazi! Ami yuko wapi? Nimekuta duka kafunga, na mimi nimewaahidi wenzangu atawafungulia saa waone ndani."

Taimur, mwanao alikuwa hajui.

Umemtuma mtoto kutoa mkono wa pole bila kumwambia nani amekufa! Na siyo mtu wa mbali. Ni Ami aliyembeba mabegani mitaa yote hii mpaka mlipohama, aliyemfundisha kusoma saa kabla hajajua kusoma kitabu. Ndiyo maana alikuwa amewapandisha wenzake ngazi zetu. Katika mji mzima huu, alichotaka yeye wakione ni Ami yake.

Ikabidi nimwambie mimi, mbele ya wageni, na kahawa iko jikoni inachemka. Akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. Wenzake hawakuelewa nilichosema, lakini uso wake waliuelewa. Ignasi aliniomba radhi sana, akawatoa kimya kimya, wakaenda zao sokoni kumalizia matembezi. Mimi mfiwa nikawa ndiye wa kubembeleza.

Nasra alipopiga simu alisema hamkutaka kumvuruga na mitihani. Mitihani ilikwisha kabla hajapanda ndege! Mlimpeleka uwanja wa ndege nyinyi wenyewe, mmekaa naye garini. Mlizungumza habari gani njia nzima? Hali ya hewa?

Samah sasa analala hapa kwangu, chuo kimemruhusu. Asubuhi anakwenda darasani, jioni anarudi kunisomea Yasini kwa lafudhi yake ya Kizungu. Herufi nyingine zinampotea, namwacha aendelee. Katika nyinyi wote wa huko, huyo ndiye aliyekuja kunifariji, naye hakujua kama amekuja kufariji.

Nisalimie Nasra, ingawa naye nina lake la kumwambia. Mkweo Bi Aziza mpe salamu zangu za dhati, mwambie namwombea macho yake. Kijakazi anawasalimu; amekasirika kuliko mimi.

Limebaki moja. Jana Samah aliniuliza, siku nilipokupigia kukupa habari ya msiba, ulisema nini. Mimi na wewe tunajua. Ulisema, "Haya dada, Mungu amrehemu, niko kazini nitakupigia," ukaja kupiga matanga yameshaanuliwa. Yeye nimemwambia ulilia mpaka ukashindwa kuongea. Ameniamini. Sasa anakuonea huruma, anasema masikini baba, uchungu ulimzidi, ndiyo maana hakuweza kumweleza. Jumapili atakupigia simu akupe pole.

Atakupa pole wewe, Taimur. Akikupa, lia.

Mola akulinde huko ugenini, na akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata kwa haya,
Saadiya