Arki ya Keki Kwenye Sigara ya Baba

Ghorofa ya tatu, Mchafukoge,
Dar es Salaam.
19 Mei, 2024.

Mpendwa kaka Yasser,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima huko Maskati, wewe na wifi Moza na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Joto la huko limeshaanza? Sisi tunaamka na kulala, alhamdulillahi, ila uchovu umetukalia vibaya.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kila ukipiga, Baba huwa amekaa ubavuni kwangu, na haya ninayokueleza hataki uambiwe. Shangazi Khairunnisa anakuja huko Alhamisi, nikaona nimpe yeye.

Nilikwambia Baba alilazwa kwa nimonia. Sikukwambia ilitoka wapi.

Ile sigara ya umeme uliyomletea mwaka jana ilimsaidia, wala usijilaumu. Mtu aliyemaliza pakiti nzima kila siku tangu enzi za duka lake la makufuli, alikaa miezi sita bila kugusa sigara ya moto. Shida ilikuwa yale maji yake. Kichupa kidogo cha Kariakoo kilimfikisha siku nne, na bei yake ni mchele wetu wa wiki. Kuomba hawezi, unamjua. Akaanza kuvuta kwa kubana, akawa mkali kwa kila mtu, mpaka siku moja nikamkuta kwenye ngazi anamwomba mlinzi sigara. Baba yetu, kaka. Iliniuma sana.

Ndipo nikaona kwenye simu watu wanaeleza kwamba maji hayo unaweza kuyaongeza mwenyewe nyumbani kwa gliserini. Nikanunua gliserini na bomba la sindano duka la dawa, nikawa nachanganya kila Jumamosi kwenye meza ya jikoni. Kichupa cha siku nne kikafika wiki mbili. Nikajiona nina akili.

Lakini yalikuwa hayana ladha. "Nunu, hii ni kama kuvuta mvuke wa birika," akawa analalamika.

Siku chache kabla ya Idi nilikuwa na oda za keki nane, na usingizi sikuujua. Baba akaniletea kichupa jikoni karibu na saa ya kufuturu. Mikono imejaa unga, nikachukua arki ya vanila ninayotia kwenye keki, nikadondosha matone humo, nikatikisa, nikampa. Hata maandishi ya chupa sikuyasoma. Hakulalamika tena, basi nikawa natia kila nikichanganya.

Idi ilipopita kikohozi kikaanza. Kwanza cha alfajiri tu, halafu cha kutwa. Zahanati ya Magomeni wakampa dawa mara mbili, hazikushika. Alikonda mpaka kanzu ikawa inamning'inia. Siku aliyozidiwa Jangwani palikuwa pamejaa maji, barabara imefungwa, Magomeni hakufikiki. Wauza vitambaa wa chini wakambeba kwenye kiti ngazi zote, tukampeleka hospitali nyingine huku huku mjini.

Siku nne alikuwa kwenye oksijeni. Wakapima makohozi, kifua kikuu hakuna. Dawa zinaingia, hali iko pale pale. Siku ya tano daktari wake, Celina, msichana mpole, akakaa kitandani kwake.

"Shikamoo mzee. Hii sigara yako ya umeme, maji yake unanunua?"

"Marahaba. Nanunua dukani."

"Huchanganyi na kitu kingine?"

"Nachanganya mwenyewe. Gliserini kidogo, basi." Akageukia ukutani.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na chupa ya uji. Bomba la sindano Baba hajawahi hata kulishika. Nami nikanyamaza. Nilimuogopa daktari, nikawaogopa mashangazi na maneno yao, nikakuogopa wewe. Siku ile ikapita hivyo, na nusu ya siku iliyofuata.

Kesho yake alasiri alikuwa anaswali kwa kukaa. Kaka, alishindwa kuimaliza Kulhuwallahu. Aya nne tu, pumzi ikakatika katikati. Nikatoka mbio kumtafuta daktari korido nzima.

"Daktari, ninayechanganya ni mimi. Na nilitia arki ya keki."

"Ya maji au ya mafuta?"

"Sijui."

"Nenda kailete. Sasa hivi."

Nilienda na bodaboda nikarudi na chupa. Akaigeuza, akasoma. "Dada, hii ni ya mafuta. Ukiyala yanapita tumboni, hayana neno. Ukiyavuta yanakaa kwenye mapafu, mwili haujui uyapeleke wapi."

Nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nimefanya vizuri kusema, na kwamba ningesema jana ingekuwa vizuri zaidi. Wakampiga picha ya kifua nyingine, wakambadilishia dawa. Siku ya tatu ya dawa hizo alikaa mwenyewe akaomba chai ya rangi.

Wiki iliyopita wakamruhusu. Kupanda mpaka kwetu alipumzika mara nne. Daktari anasema pumzi ya zamani hairudi yote. Sigara ameacha, ya moto na ya umeme. Tafadhali usilete nyingine, wala vichupa.

Juzi baada ya chai nilimpigia magoti nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya arki.

"Nilijua siku ile ile nilipoivuta," akasema. "Nani katika nyumba hii asiyeijua harufu ya keki zako?"

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Ulikuwa umechoka, mwanangu. Ningesema, ungemwaga uanze upya."

Nililia mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, "Yasser asijue. Atadhani nyumba imekushinda."

Sijui kama imenishinda, kaka. Ninachojua ni kwamba tangu Mama atutoke, wewe unatuma vitu na mimi nachanganya, na sote wawili tunamwona Baba kwa mbali. Omba likizo. Njoo ukae naye hata mwezi mmoja, nami nilale.

Msalimie wifi Moza, wabusu Yusra na Abbasi mdogo, na mpe salamu Bi. Salma jirani yenu kama bado yupo. Mjomba Nurdin na wa chini wote wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akufungulie njia ya kuja, umkute Baba akiwa na pumzi ya kukuitikia salamu.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Nunu