Salamu Yangu Katikati ya Mtihani

Mdogo wangu, tumbo moja,

Hatujambo kidogo. Paa la jikoni halivuji tena, na yule kuku mkorofi ametotoa saba.

Mpwa wako ndiye hajatia kitu kinywani tangu juzi. Unajua tangu miguu yake igome anasomea chumbani, kwenye kompyuta. Siku hiyo alikuwa anafanya ule mtihani wa kujua kompyuta. Asiyeufaulu haruhusiwi kusomea nyumbani. Nikaingia na dawa zake, nikamwona mwalimu msimamizi kwenye kioo cha kompyuta, mtu mzima mwenye mvi. Ningempitaje kimya ndani ya nyumba yangu? Nikainama, nikamwambia, "Karibu, mwalimu. Habari za kazi?"

Mwanangu akasema, "Mama, umeniua."

Mtihani wameufuta. Wameandika kuwa mtu wa pili aliingia kumpa majibu. Jirani alicheka mpaka akakaa chini: "Wewe, ambaye hata namba za simu unabonyezewa na watoto?"

Kanuni hiyo ilitungwa na kamati yenu ya shule, na mwenyekiti ni wewe. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Siombi umpendelee. Ijumaa mtakapokaa kikao, kabla hamjamfukuza, niiteni. Niwekeni mbele ya kompyuta, wajumbe wote wakitazama, mnipe mtihani ule ule. Nikiweza hata kuiwasha, mfukuzeni.

Na wakiuliza kwa nini niliishia darasa la pili, wajibu wewe, uliyekuwa mgongoni mwangu wenzangu walipokwenda shule.

Ni mimi dada yako, ninayengoja