Mama Séverine Hakumlisha Baba Sumu

Kakese,
S.L.P. 12, Mpanda,
Rukwa.
3 Machi 1997

Mpendwa kaka Onesphore,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. U mzima, au mkonge wa Tanga umeshakuchoma hadi vidole, maana kuniandikia imekuwa kazi? Shemeji Jeannine na watoto hawajambo? Sisi wengine wazima, na mimi hasa nimezidi kupendeza, uliza watu. Mwenye taabu ni Baba.

Tumbo limejaa maji, macho ya njano, mikono imebaki mifupa. Hospitali wamempiga picha na kumpima damu: saratani ya ini. Hatapona, kaka. Nimeliandika haraka ili na wewe likupite haraka.

Barua yako kwa Shangazi Odeta nimemsomea mimi. Umeagiza mama yetu wa kambo, Séverine, afukuzwe, eti kamlisha Baba sumu. Shangazi akapiga makofi: “Umesikia, Gelasius? Ini halivimbi lenyewe!” Kikao cha ukoo ni Pasaka, na wote wanashika neno lako, mtoto mkubwa.

Sasa nisikilize mimi wa darasa la saba, niliyemhoji daktari mpaka akaniuliza kama nataka kazi yake. Kuna kirusi cha homa ya ini. Kilimwingia Baba zamani, pengine utotoni, kikatulia miaka na miaka. Kinatengeneza protini ambayo wataalamu wanaiita X. Ndiyo, jina lile lile lililonitoa jasho kwenye hesabu! Kila chembe ya ini ina mlinzi, kama sungusungu: chembe ikiharibika, anaizuia isizaane. Basi hiyo X inamkumbatia mlinzi, inambana mikono, hata filimbi hapigi. Chembe mbovu zinazaana ovyo mpaka uvimbe. Daktari kasema bado wanachunguza, ila hiyo ni njia mojawapo.

Haya, msomi wa kidato cha nne: Mama Séverine kaolewa hapa mwaka wa tatu tu. Alimfikiaje Baba akiwa bado anachunga mbuzi?

Na wewe kapime damu. Kumbuka wembe mmoja ulivyotunyoa sote kila Jumamosi tulipokuwa wadogo. Kirusi hupita humo pia. Mimi nimepima, sina. Nesi akikwambia nililia, mwongo huyo.

Jana Shangazi alimpelekea uji, Baba akafumba mdomo. Akasema kwa sauti ndogo, “Niitieni Séverine.” Mwenzetu alikuwa chumbani anafunga nguo zake kwenye kitenge, maana habari za barua yako zimemfikia. Alikuja akamlisha, Baba akamaliza bakuli. Kisha Mama Séverine akarudi kufunga mzigo.

Andika upya, kaka, kabla ya Pasaka. Neno moja linatosha: abaki. Akiondoka, Baba atakufa kwa njaa, juu ya ugonjwa wa ini.

Dada Matilda anakusalimu, na Shangazi pia, pamoja na ulimi wake. Mungu akushike mkono huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye kuliko unavyostahili,

Gelasius