Siku Niliyojua Maana ya Mailo

Alhamisi, mwezi wa sita. Baridi ya Tunduma imeshika kweli. Asubuhi nimeshona na koti mwilini, na vidole vilikataa sindano mpaka nilipovipasha kwanza kwenye kikombe cha chai. Malori yamejipanga barabarani toka mpakani kama kawaida yake. Moyo wangu umetulia, isipokuwa pahali pamoja, na hapo ndipo ninapotaka kuandika.

Jumapili iliyopita mwalimu wa umoja wetu wa wanawake kanisani alitupa kazi. Kila mmoja aje Jumapili hii na jambo moja tu linaloonyesha kwamba amekua kiroho. Jambo moja, si hotuba. Nikaona kazi nyepesi. Nimeokoka miaka kumi na miwili, naongoza sauti ya pili kwenye kwaya, nafunga kila Ijumaa.

Jumatatu nikakaa na daftari. Nikaandika, "Nasali zaidi." Nikafuta, maana si kweli, nasali vilevile, na mara nyingine usingizi unanikuta katikati. Nikaandika, "Nimekuwa mpole." Hiyo niliifuta haraka kuliko ile ya kwanza.

Mimi si mpole. Anayepita hapa kusoma maandishi yangu anajua. Mama yangu kule Mbebe husema mdomo wangu ulitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata baadaye.

Ukurasa ukabaki mweupe mpaka leo saa nne, alipoingia Mwansa. Huyu ni dada wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na wiki iliyopita aliniletea kitenge nimshonee gauni la kuvaa kwenye ubatizo wa mtoto wake. Alinikuta bado naweka zipu. Akaniambia kwa Kibemba, "Naishile mailo." Nikamjibu kwa bashasha kwamba haya, karibu mailo, utalikuta tayari.

Niseme ukweli, Kibemba changu ni cha sokoni. Kwa miaka kumi na mmoja hapa Tunduma nimeokota salamu, hesabu, rangi za vitambaa na maneno ya kupatana bei. Lakini mailo ndilo neno langu kuliko yote, kwa sababu ni kesho, na fundi asiye na kesho afunge duka tu. Wazambia wangapi nimewaambia mailo, mailo, hali kitambaa chao sijakigusa hata kwa mkasi. Mungu anisamehe na hilo.

Mwansa akabadilika uso. Akaanza kwa Kibemba, akaingia Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza, na maana ilifika yote. Nimemfanya mtoto mdogo. Amevuka mpaka bure, halafu namcheka. Na ile kalenda ya kanisa niliyobandika ukutani ni ya kudanganyia watu. Wapita njia wakasimama. Mama Salome, jirani yangu anayekaanga maandazi mlango wa pili, akaacha karai lake motoni akasogea karibu. Ananijua, nikiguswa, huwa hapakosi cha kutazama.

Nilisikia joto likipanda mpaka masikioni. Neno la kumjibu lilikuwa tayari kwenye ulimi, tena lilikuwa zuri, la kukata. Nikalimeza. Sikuomba, sikuhesabu mpaka kumi, sikukumbuka mstari wowote. Nilitaka tu kujua huyu dada ameudhika na nini hasa.

"Dada, hebu niambie taratibu. Mailo maana yake nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi. Akasema mailo ni jana. Nikasema hapana, ni kesho. Akasema ndiyo, na kesho nayo ni mailo. Neno ni moja kwa siku zote mbili, ile iliyopita na ile inayokuja. Kitenzi ndicho kinachokuonyesha umeelekea wapi. Yeye alikuwa ananieleza kwamba alikuja jana, akakuta duka limefungwa. Na kweli jana nilikuwa msibani Chapwa kutwa nzima. Mtu amevuka mpaka bure, nami namwambia arudi tena kesho.

Hata mimi ningewaka.

Nikamwomba radhi, nikamkalisha, nikamalizia zipu akiwa hapohapo. Mama Salome akatuletea maandazi ya moto, tukalicheka lile neno watatu wote mpaka Mwansa akafuta machozi. Alipoondoka na gauni lake, Mama Salome akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Mama Atu, unaumwa? Twende ukapimwe malaria."

Alikuwa anatania, lakini si sana. Nikarudi kwenye cherehani nikiwa bado natabasamu, na hapo ndipo nilipoona. Mtoto hajioni anavyokua. Fundi ndiye anayeona pindo limepanda. Lile swali langu dogo, miaka mitatu nyuma nisingeweza kuliuliza. Ningeona aibu ya kutokujua, na aibu yangu siku zote hutoka kwa sauti ya juu. Kumbe kuna kitu kimebadilika humu ndani bila mimi kuarifiwa. Nilifurahi, sifichi. Niliimba sauti ya pili peke yangu, bila ya kwanza. Jambo langu la Jumapili nimelipata.

Furaha hiyo niliishi nayo kama nusu saa.

Halafu nikamkumbuka Bana Bwalya, yaani mama yake Bwalya. Naye ni wa Nakonde. Alikuwa mteja wangu, na zaidi ya mteja. Alikuwa akija anakaa kwenye benchi langu, ananiletea dagaa wakavu, ananifundisha Kibemba huku ananicheka ninavyotamka. Siku moja miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimezidiwa na kazi, akachungulia mlangoni akasema maneno mawili, na mojawapo lilikuwa mailo. Sikuinua hata kichwa. Nikasema sawa. Akaona nina shughuli, akaenda zake.

Kesho yake nilikuwa niende Mbebe. Mama alikuwa ametuita watoto wake wote tuvune pamoja. Nikaahirisha, nikakaa dukani kutwa nikimngoja Bana Bwalya aliyesema anakuja. Hakuja. Ndugu zangu wote walifika nyumbani siku ile, mimi tu sikuwepo. Aliporudi wiki iliyofuata nikamwita mwongo mbele za watu. Alijaribu kunieleza, nikamwambia masikio yangu ni mazima, nimesikia mailo. Nikakikunja kitenge chake, nikakitupa nje kwenye benchi, kikateleza kikaanguka chini. Akakiokota, akakipangusa vumbi, akaondoka. Hajarudi mpaka leo.

Sasa nakiri lililo baya zaidi. Mwaka uleule nilisimama kwenye semina ya wanawake nikashuhudia jinsi Bwana alivyoniwezesha kumsamehe mwanamke wa Nakonde aliyenidanganya, tena bila yeye kuniomba. Wakapiga vigelegele. Nikaupenda ushuhuda ule. Nimeurudia mara nyingi, hata Chitete tulipokwenda na kwaya nimeusema, na kila nikiusema sauti inatetemeka palepale panapotakiwa.

Nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea.

Nilisimamisha cherehani. Wazo la kwanza halikuwa la kiroho hata kidogo. Nilijiambia hayo ni ya zamani, hakuna anayejua, na ushuhuda umeshajenga watu. Wazo la pili lilijivika nguo za kanisani: nimwombee tu. Ningeweza kufunga hata siku tatu kwa ajili yake. Lakini najijua. Kufunga kwangu ni rahisi kuliko kusema nimekosa, na Mungu naye ananijua kuliko ninavyojijua mimi.

Nikaitafuta namba yake kwenye simu. Niliikuta nilivyoihifadhi siku ile: "Mzambia Mwongo." Miaka mitatu nimetembea na jina hilo mkobani, pamoja na kitabu cha nyimbo. Nikalifuta kwanza. Nikaandika "Bana Bwalya", ndipo nikapata nguvu za kuandika ujumbe.

Nilimwandikia kwamba ni mimi, Mama Atu, fundi wa Tunduma. Nimejifunza leo kwamba mailo ni jana pia. Kwamba yeye alisema kweli, mimi ndiye niliyekosa, na nilimwaibisha mbele za watu. Nikaomba niende kwake mailo nimwombe msamaha ana kwa ana. Nikausoma mara nne. Kila nilipousoma nilitamani kuongeza kwamba nilikuwa na kazi nyingi siku ile, na kwamba mama aliniita Mbebe. Sikuongeza. Nikatuma.

Hakujibu mchana. Nikapiga pasi sare za shule zilizokuwa tayari, nikakosea kukata kola ya shati la mzee mmoja, nikaanza upya. Mama Salome akaniuliza tena kama naumwa, safari hii bila utani, nikamweleza yote. Akasema yule mama alikuwa mtu mzuri, alikuwa akinunua maandazi yake na kumgawia mlinzi wa pale stoo. Hilo sikulijua. Nilikuwa nimekaa cherehani moja tu mbali na wema wa mtu, nikaona uongo tu.

Nilichoka, lakini si uchovu mbaya. Mbele ya Mwansa nilikuwa nimejiona nimekua, na ni kweli nimekua. Ila huku kwa Bana Bwalya ndiko kulikoniuma, na ninashukuru kwamba kumeniuma. Zamani kusingeniuma. Jumapili nitasimama tena, na ule ushuhuda wangu nitaukanusha mbele ya walewale waliopiga vigelegele. Najua baadhi watanitazama vibaya. Kwaya wakitaka kunipumzisha kidogo, nitakaa nyuma na kuimba nilipokaa.

Saa kumi na moja jioni, nikiwa nafungua dirisha la jikoni nitoe moshi, simu ikalia. Nilikausha mikono kwenye kanga mara mbili kabla ya kuishika. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake cha Nakonde, akiniita bamayo, yaani mama:

"Mailo ipi, bamayo? Ya nyuma niliiacha palepale kwenye benchi. Njoo na hii ya mbele. Ukija leta na futi, nimenenepa."

Nimecheka na kulia kwa wakati mmoja, maharage yakashika chini ya sufuria, tumeyala hivyohivyo.

Futi iko mkobani. Mailo navuka.