Mmea Wako wa Miiba Bado Upo, Bibi

Bibi yangu,

Nimerudi nyumbani, shule ya kati imefunga. Nyumba yako imeezekwa upya. Mama anapikia chungu chako cha mboga, hataki kumwazima mtu. Lakini ninakuandikia juu ya mmea wako, ule wa miiba uliotambaa juu ya miti pale ukingoni mwa msitu.

Juzi niliwakuta baba na baba mdogo wakifyeka pale ili walime pareto. Miiba ilikwisha kuinasa suruali ya baba mdogo.

"Huu nao una kazi gani," akasema, "zaidi ya kuvua watu nguo?"

Walicheka. Mimi sikucheka, Bibi. Nikamwambia, "Baba mdogo, kifua kilipokubana masika, ulikunywa nini?"

Baba akaniuliza, "Wewe mmea huu unaujua, au unapenda maneno tu?" Akanipa jembe. "Haya, chimba. Kama hujui, tunaufyeka."

Nilipiga magoti mbali na shina, nikafukua taratibu mpaka nikauona mzizi wa pembeni, wa njano kama ulivyonionyesha. Nikakata huo mmoja. Ule mkuu sikuugusa. Nikarudisha udongo, nikaanza kuukanyaga. Hapo nikakumbuka maneno yako: "Vua viatu, mjukuu wangu. Unaufunika, huupigi." Kumbe nilikuwa nimevaa viatu vya shule! Nikavivua, nikashindilia kwa kisigino kitupu, nikaushukuru mmea kama ulivyokuwa ukifanya.

Nilipoinua macho, baba alikuwa ameweka panga chini.

"Umemwona?" alimwambia mdogo wake. "Mama yetu kabisa."

Mama yao kabisa, Bibi. Mimi!

Pareto itaanzia kule chini ya kichuguu, mbali na mmea. Mmea umebaki pamoja na matunda yake, yale madogo ya rangi ya chungwa. Uliponipa la kwanza nilikunja uso, nawe ukacheka hadi ukakaa chini. Jioni mama alichemsha ule mzizi, na wa kwanza kuleta kikombe alikuwa baba mdogo.

Mwalimu anasema wasichana wanaofaulu vizuri wanaweza kusomea uuguzi. Nataka sana. Nikifika huko, bado kila likizo nitakwenda pale ukingoni, na viatu nitavivua kabla sijafika.

Pumzika kwa amani, Bibi. Hakuna aliyeufyeka mmea wako.

Mjukuu wako,
Atupele