Kadi Uliyoiacha Nyuma ya Kabati

Mpendwa jirani yangu, Mama Neema,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza nilikupa pole, ya pili nikajitetea, ya tatu nikakulaumu wewe, nikaichana kabla wino haujakauka. Hii ya nne naiacha iende inavyotaka, maana tangu Jumatano ya wiki iliyopita sikai. Nikikaa nainuka. Chai naimimina, naisahau, inapoa. Jana Salma kaniambia, "Mama, tulia basi, unanitia kizunguzungu." Nitulie vipi?

Naiandika wazi, kila mtu aione, kwa sababu sijui unakaa wapi na simu yako haipatikani. Anayekufahamu akusomee. Aibu nimeshaivua, naiweka hapa mezani.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe mwalimu wa chekechea, mpangaji mpya wa chumba cha pili, mie na duka langu la daftari na kalamu pale mbele, Mabibo hii hii. Ulikuja kununua chaki, ukaona droo yangu imefurika kadi kuukuu. Kadi za harusi za watu ambao wameshaachana, kadi za Idi za miaka ile watu walipokuwa bado wananunua kadi, kadi za Krismasi zenye theluji ambayo mimi na wewe hatujawahi kuikanyaga. Kila nyumba ya Dar ina rundo lake. Hakuna anayezitupa na hakuna anayezisoma.

"Jirani, hizi tukizikata zinazaa nyingine," ulisema.

Zikazaa kweli. Kila Jumamosi mchana tulitandika mkeka barazani, sufuria ya gundi ya unga wa ngano katikati yetu, ukiikoroga kama uji wa mgonjwa. Tulikata picha ya mbele, tukaibandika kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa, tukafunga utepe wa harusi ya mtu, ikawa kadi mpya. Nyota ya Krismasi tuliitenga na zizi lake, ikakaa vizuri kabisa juu ya mnara wa msikiti. Ulicheka mpaka ukalala ubavu. Ulisema mbinguni watatuuliza. Watu wa mtaani walitucheka pia, kwamba siku hizi salamu zinatumwa kwa simu, sie tunahangaika na mkasi. Lakini sikukuu ikikaribia walikuja wao wenyewe: "Mama Salma, hamna kadi moja ya bibi yangu? Yeye simu haimwingii."

Tuligombana kwa jambo moja tu. Wewe ulikuwa huwezi kukata kadi bila kuisoma. Uliifungua, ukasoma kwa sauti, "Mpendwa binamu, nisamehe sikufika msibani," halafu ukaniuliza kwa dhati kabisa, "Hivi baadaye alifika?" Mie nitajuaje? Mimi nilikata. Picha nzuri, mkasi, gundi, inayofuata. Wewe ukimaliza tatu, mie nimemaliza kumi na tano, na nilikuwa najisifu.

"Soma kwanza, jirani. Usije ukakata neno la mtu."

"Neno la mwaka gani? Aliyeliandika mwenyewe kashalisahau."

Ukatikisa kichwa. Ukasema haraka zangu zitanitokea puani.

Na ukuta wetu, unaukumbuka? Ule mwembamba, ukipiga chafya mie nakuombea afya. Ukigonga mara moja nilijua chumvi imeisha. Mara mbili maana yake acha ulichoshika, njoo. Usiku ule Neema alipopandwa na homa uligonga mara mbili, nikaja na kanga moja bila hata viatu. Hukuwa na haja ya kunieleza kitu.

Sasa nafika pale ninapopakimbia tangu nianze kuandika.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Desemba, shule zimefungwa, duka limejaa watu wanaotaka karatasi za kufungia zawadi. Neema aliniletea rundo la kadi kutoka kwako, limefungwa raba bendi, akaliweka mezani akakimbilia kucheza. Ya juu kabisa ilikuwa na mawaridi mekundu na ukingo wa dhahabu. Nilifurahi, wallahi. Nikasema hii hii ndiyo nitamtengenezea mwenyewe kadi yake ya Krismasi. Mkasi ukapita. Nikaigeuza nipake gundi, na mgongoni mwa mawaridi palikuwa na maandishi.

Niliyaona, Mama Neema. Siwezi kudanganya kwamba sikuyaona. Lakini kadi zote zina maandishi. Mwandiko wako naujua, ule wa duara wa kufundishia watoto, ila brashi ilikuwa imeshashuka na macho yangu yalikuwa kwenye kadi inayofuata. Nikapaka. Nikabandika. Nikaandika kwa kalamu ya fedha, "Krismasi njema, jirani yangu."

Jumatatu yake uliniaga kwamba unakwenda semina ya walimu Morogoro, ukaniachia Neema. Siku nne alikula na Salma sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. Uliporudi ulikuwa umepauka, na mkono wa kushoto umeubana ubavuni. Nikasema mabasi haya, jamani, yanavunja watu.

Mkesha wa Krismasi nikakuletea kadi. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Uliishika, ukayatazama yale mawaridi, ukapitisha kidole juu yake polepole. Ukaniuliza, "Uliisoma kwanza?"

Mie nikadhani unanitania, kama kawaida yetu. Nikakurudishia utani. Nikasema, "Leo nimekutii, mwalimu. Nimeisoma yote, neno kwa neno!"

Tena nikacheka.

Ukasema, "Haya, Mama Salma. Ahsante." Ulikuwa huniiti hivyo. Miaka yote ile mimi nilikuwa jirani. Nilikiona kitu usoni mwako, nikakiita uchovu. Mwezi uliofuata vyombo vyako vikapakiwa kwenye kirikuu, ukanipa mkono kama mtu aliyekuja kuuliza njia, ukaondoka. Na mimi nilisema, acha nikiri yote, nilisema dukani mbele za watu kwamba walimu wana maringo. Nimelisema hilo kwa miaka miwili.

Jumatano ile, binti wa chuo anayekaa chumba chako sasa alisogeza kabati la mwenye nyumba apige deki. Akaja dukani ameshika kitu kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuta hii nyuma ya kabati. Mende wameila gundi, ila humu ndani imeandikwa jirani, nikajua itakuwa yako tu."

Mawaridi yalikuwa yananing'inia kwa kona moja. Nyuma yake, chini ya madoa ya unga, mwandiko wako ulikuwa umekaa mzima:

"Jirani, Jumatatu siendi semina kama nitakavyosema. Naenda kutolewa uvimbe kwenye titi. Sijamwambia mtu, na mdomo wangu umekataa kukwambia. Naogopa. Ukiweza kunisindikiza, gonga ukutani mara mbili. Nitaelewa. Usiniulize mbele ya watoto."

Nilisoma nimesimama. Nikasoma tena nimekaa kwenye gunia la chaki. Binti wa watu akaniletea maji.

Kwa hiyo ulisubiri. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, ulikaa upande wako wa ukuta unasikiliza. Ulinisikia nikikohoa, nikimgombeza Salma, nikicheka na simu. Ulijua nipo. Halafu ukaenda peke yako, ukarudi peke yako, na mimi nikakuletea maneno yako mwenyewe yamebandikwa kifudifudi, nikakwambia nimeyasoma yote. Ulidhani hilo ndilo jibu langu. Ningekuwa wewe, nisingeaga hata kwa mkono.

Sikuyasoma, jirani. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na najua si utetezi. Uliniambia nisome kwanza zaidi ya mara mia. Ungenibandikia tangazo mlangoni ningelikata nikalifanya kadi.

Shuleni kwako wameniambia ulihama na hawana namba mpya. Mtu mmoja akasema alikuona Tegeta, sokoni. Jumamosi nikafunga duka nikaenda. Nilizunguka tangu asubuhi namuulizia mwalimu Mama Neema, na nakwambia akina Mama Neema wa Tegeta ni wengi kama dagaa. Mmoja alinikaribisha chai akidhani nimetoka kwa wakwe zake. Nilirudi na vumbi na malengelenge. Jumamosi ijayo nakwenda tena.

Kinachoninyima usingizi si msamaha. Msamaha ni wako, utoe au uukalie, una haki. Ni kwamba sijui uvimbe ule ulikuwa wa namna gani. Sijui kama ulipona. Siku nne nilimlisha mwanao wali, mama yake yuko kwenye kisu, na leo sijui kama Neema bado ana mama. Naogopa kuliandika hilo, na nimeliandika. Basi hata kama hutaki kuniona, mtume mtu yeyote aje dukani aseme neno moja tu, yupo. Sitamuuliza zaidi.

Mkasi sijaushika tena. Droo nimeimwaga yote mkekani, nasoma moja moja kama ulivyokuwa unafanya. Nimemkuta yule binamu uliyemuulizia, ambaye hakufika msibani. Niliikata picha yake zamani, lakini nusu yenye maneno ulikuwa umeificha chini ya droo. Zipo nyingi humo chini, nusu ulizoniokolea. Na mimi sasa najiuliza, hivi baadaye alifika?

Ile yako sijaibandika tena. Nimeiegemeza kwenye ukuta wetu, mwandiko mbele, mawaridi nyuma.

Jana mchana nyumba ilikuwa kimya. Nikasimama mbele yake muda mrefu kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Halafu nikagonga mara mbili.

Yule binti akaitikia kutoka upande wako, "Mama, unaniita?"

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Nimechelewa tu."

Ukutani bado nipo,

Jirani yako, Mama Salma