Pointi za Baba Zilivyotupeleka Melaka

Bloku 114, Ghorofa ya Tisa,
Bukit Merah,
Singapore.
2 Novemba 2024.

Mpendwa Baba Mdogo Teow Kiat,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limeanza kukutii baada ya upasuaji. Mama Mdogo Siok Eng aliniambia kwenye simu kuwa daktari amekuamuru utembee hadi kwenye sanduku la barua na kurudi kila asubuhi, nawe unagoma. Basi hii nimeiandika kwa mkono makusudi, upate sababu ya kutoka. Baridi ya huko Christchurch imepungua? Unapata usingizi?

Sisi hatujambo. Mimi mzima, mume wangu Boon Teck mzima pamoja na mdomo wake. Mama naye anaendelea vizuri, neno ambalo mwezi wa tisa nisingeweza kukuandikia bila kukudanganya.

Nikueleze ukweli wenyewe, maana kwenye simu nilikuwa nauficha. Tangu tumsindikize Baba mwezi wa Julai, Mama alikuwa hatoki. Akishuka chini ni kununua mboga, anapanda, anaketi kwenye kiti kilekile. Chakula anakigusagusa tu. Ukimsemesha anajibu, lakini yeye mwenyewe haanzishi neno. Niliogopa, Baba Mdogo. Niliogopa kwamba mwaka hautaisha kabla hajamfuata mumewe.

Katika barua yako uliniuliza hizo pointi anazozitaja Boon Teck kila akishika simu ni kitu gani. Niseme kweli, kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa sikuwahi kumuuliza. Nilimjua tu kuwa mtu mwenye kadi saba za benki zilizofungwa kwa mpira. Unakumbuka tukila mezani na ndugu jinsi watu wanavyonyang'anyana bili, kila mmoja akitaka yeye ndiye alipe? Wenzake wanainyang'anya kwa heshima, yeye anainyang'anya kwa pointi. Kaka zake humwita Waziri wa Bili.

Barua yako ndiyo iliyonitia hamu, nikamkalisha Jumapili moja anieleze. Kumbe kila ukilipa kwa kadi ya mkopo, benki inakuandikia pointi kadhaa. Zikijaa, unazibadilisha kwa tiketi ya ndege, chumba cha hoteli, hata matembezi ya kuongozwa na mtu anayeyajua mambo ya mji. Nikamuuliza, na benki inapata nini? Akasema inakata kidogo kwa mwenye duka, na inapata zaidi kwa wanaochelewa kulipa. Yeye huwa hachelewi, kwa hiyo anatembezwa kwa jasho la wenzake. Sikujua nimsifu au nimwonee haya.

Alinipa simu yake nitazame, nikakaa nayo saa nzima. Kuna matembezi ya mashamba ya chai, ya masoko, ya mapango ya popo, yote yanauzwa kwa pointi. Mtu anafikiria vitu gani mpaka akapanga matembezi ya kutazama popo? Ndipo nikaona Melaka, nusu siku kwa miguu, majumba ya matajiri wa zamani, pamoja na mwongoza watalii. Baba na Mama walikuwa wakiahirisha kwenda huko tangu mimi nasoma. Pointi zilitosha watu watatu kamili, Mama, mimi na Boon Teck. Ila zilikuwa zinakufa tarehe thelathini na moja Oktoba.

Unamjua Mama, shemeji yako. Pesa ya kutembea kwake ni pesa ya kutupa. Lakini nilipomwambia ni bure, aliinua kichwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Bure ya kweli, au bure ya kutupeleka tukauziwe magodoro?"

"Bure ya kweli, Mama. Benki inatoa."

"Benki itoe bure? Nani kaiumiza kichwa?"

Nilifurahi hata kwa dhihaka hiyo. Boon Teck naye kwa pupa akachagua Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, akamwonyesha. Mama akahesabu kwa vidole.

"We mkwe, shule ulienda kufuata chakula? Siku mia za kumwombolezea baba yenu zinatimia tarehe ishirini na moja. Unataka nikazurure nina kitambaa cha msiba mkononi, watu waseme hakupendwa?"

Mtu anayekumbuka tarehe ya kufa ya kila pointi, siku mia za mkwewe zimempita! Masikio yalimwiva. Ikabidi aisumbue benki kwa simu mchana kutwa hadi wakamsogezea Jumamosi iliyofuata, tarehe ishirini na sita.

Nikadhani tumemaliza. Jioni ile tunakula, Mama akauliza tena, kwa udadisi tu, maana ukishamwambia kitu ni bure lazima akichunguze mpaka chini.

"Hizi nyingi hivi umezipataje mwaka mmoja? Umenunua gari tusijue?"

Boon Teck hajui kudanganya. Aliweka vijiti vyake chini. "Ni hospitali, Mama. Bili za Baba nililipa kwa kadi. Na chakula cha matanga, zile siku tano."

Baba Mdogo, nikuambie nisichomwambia mtu. Ile siku ya hospitali nilikuwapo. Baba yuko juu, anapumua kwa mashine, na mume wangu amesimama dirishani kwa mhasibu anachagua kadi, hii, hapana, hii. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kweli, na kesho yake nikampikia kama kawaida.

Mama aliondoka mezani. "Mume wangu augue, halafu mimi nikale raha za ugonjwa wake," alisema, akafunga mlango. Siku nne alirudi kulekule kwenye kiti, na mimi nikaona nimemharibu zaidi kuliko nilivyomkuta.

Siku hizo nne nilijiuliza sana. Pointi ni nini hasa? Si pesa, huwezi kununulia mchele. Si zawadi, maana tulilipia. Baba hakuugua ili sisi tuzipate, wala kuziacha zife hakutamrudisha. Lakini je, mtu akila kitu kilichotoka kitandani kwa mgonjwa wake, anamkosea au anamshukuru? Nilitamani kukupigia, nikaogopa jibu lako.

Siku ya tano asubuhi tulikuwa kwenye uji wa mchele na yai la chumvi. Mama akala nusu bakuli, kisha akamgeukia Boon Teck.

"Hizo pointi zina jina la nani?"

"Langu, Mama. Kadi ni yangu."

"Lakini zimetoka kwa nani?"

Boon Teck akanitazama. "Kwa Baba."

"Basi naye aende. Huwezi kula vya mtu ukamwacha nyumbani. Watu watatu."

"Mama, watatu tayari wamejaa. Wewe, Swee Hoon, na..." Hakumaliza. Alichukua simu, akalifuta jina lake, akaandika Lim Teow Hock, jina la Baba, akamwonyesha Mama kama herufi ziko sawa. Mtu huyu, ambaye pointi mia zikimpotea hali chakula cha mchana! Siku hiyo nilimsamehe ile ya dirishani, na nikamwambia kwamba nilimchukia. Alisema alijua. Alisema siku ile kuchagua kadi ndicho kitu pekee alichoweza kukifanya vizuri.

Basi tukaenda, mimi na Mama, kwa basi la asubuhi linalovuka mpaka. Tulikusanyika na wenzetu kwenye chemchemi ya uwanja mkuu wa mji, watu kama kumi na wawili. Mwongoza watalii alikuwa kijana wa Melaka, Rosli, mcheshi, kofia imekaa upande. Akaanza kuita majina na kugawa vile visikilizio vya kuchomeka sikioni, ili tumsikie hata akiwa mbele.

"Lim Teow Hock?"

"Yupo," akasema Mama, akanyoosha mkono.

Rosli akamtazama, akatafuta mwanaume nyuma yetu, hakumwona. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwa maneno machache. Hakuuliza kitu. Alimpa Mama kisikilizio cha pili, naye akakichomeka sikio la kushoto, cha kwake kikiwa kulia, tukaanza kutembea.

Mama alitembea saa tatu, Baba Mdogo. Miguu ile ambayo ilikuwa haivuki barabara. Aligusa vigae, aligusa nguzo, alitaka kujua kwa nini milango ina matundu. Kwenye jumba moja refu Rosli alituonyesha sebule, madhabahu ya mababu, viti vilivyonakshiwa kwa gamba la chaza, kisha akawa anatugeuza tutoke. Unamjua kaka yako, miaka arobaini ya kukaanga tambi mbele ya kikaango. Hakuingia nyumba ya mtu akatoka bila kuona jiko. Mama akasimama katikati ya sebule akakataa kusogea.

"Samahani, mwanangu," alimwambia Rosli. "Mume wangu anauliza, hawa walikuwa wanapikia wapi?"

Rosli akavua kofia, akalitazama lile sikio la kushoto la Mama, akalijibu hilo.

"Jiko liko nyuma kabisa, Mzee. Nifuate nikuonyeshe."

Msalimie sana Mama Mdogo Siok Eng, umwambie dawa ya kuchua aliyonitumia imefika. Wasalimie Wei Jin na mkewe, na wale mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Boon Teck anakusalimu, na Mama anasema uache ubishi na daktari. Kama unaona tulikosea, niandikie usinifiche, nitaipokea kama kauli ya mzazi. Mbingu zikulinde, goti lipone, na nyumba yako ikae na watu wake wote.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Swee Hoon